Menejimenti Haikuanzia Kiwandani

Mwanafunzi wa menejimenti akifungua kitabu chake cha mwaka wa kwanza, awe Goma, Kampala au Dar es Salaam, hukutana na majina yale yale. Frederick Taylor, Mmarekani aliyepima kazi za viwandani kwa saa na kuchapisha kanuni zake mwaka 1911. Henri Fayol, mhandisi Mfaransa wa migodi, ambaye kitabu chake cha 1916 kilitupatia ile orodha ya kazi za meneja: kupanga, kuandaa, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Max Weber na urasimu wake. Elton Mayo na kiwanda cha Hawthorne. Wote ni wanaume wa nchi za viwanda, na karibu wote walianza na mahali ambapo mmoja ana haki ya kuamuru na wengine wana wajibu wa kutii. Mwanafunzi aliyetoka Bweremana atayasoma hayo na kufaulu mtihani bila kuulizwa hata mara moja ni nani kwao anayeendesha kazi ya watu ishirini na watano bila mshahara, bila ofisi na bila uwezo wa kumfukuza mtu. Anajua kwamba wengi wa wanaoendesha kazi hizo ni akina mama. Ila hakuna aliyemwambia kuwa hilo nalo limo katika somo lake.

Bweremana ni kituo cha biashara kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, katika cheferi ya Bahunde, teritwari ya Masisi, kando ya barabara itokayo Goma kupitia Sake kuelekea Minova na Bukavu. Milima ya Masisi inashukia ziwani hapo, na biashara ya mahali inafuata mteremko huo: maharagwe, ndizi na mihogo hushuka kutoka vijijini, chumvi, sabuni, vitenge na samaki wadogo waitwao sambaza hupanda. Sambaza wenyewe ni wageni, kwa kuwa waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini leo hakuna soko la Kivu lisilowajua. Kuvua ni kazi ya wanaume, wanaotoka usiku na taa zao. Samaki akishatua nchi kavu huwa mikononi mwa wanawake, na hapo saa huanza kuhesabika, maana sambaza wa asubuhi ambaye hajauzwa wala kuanikwa hadi jioni ni hasara. Mama anayefanya kazi hiyo anahitaji mtaji leo, mkopo utakaolipwa soko lijalo, mbebaji, nafasi katika boti, na mtu wa kuaminika upande wa Goma atakayepokea mzigo asioweza kuusindikiza mwenyewe. Kampuni ingeajiri watu watano kwa kazi hizo. Yeye huzipanga kichwani, tena pamoja na wenzake, kwa kuwa peke yake haziwezekani.

Ili kuona fikra iliyomo, tazama mkutano mmoja wa chama cha kuweka na kukopeshana, kile ambacho Kongo ya mashariki hukiita AVEC kwa kifupi chake cha Kifaransa. Wanachama ni kati ya kumi na watano na thelathini, mara nyingi wengi wao wanawake. Wameketi kwa duara, kila mmoja kwa namba yake na mahali pake. Katikati pana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanachama watatu wasio katika kamati ya uongozi, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Sanduku hufunguliwa mbele ya wote tu. Anayenunua hisa, kuanzia moja hadi tano, huitwa kwa namba, hutoa fedha, wahesabu wawili huzihesabu kwa sauti juu ya bakuli, na kijitabu chake hugongwa mhuri mmoja kwa kila hisa. Kuna mfuko wa pili, wa jamii, kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mchelewaji hulipa faini. Mkopo huombwa hadharani, sababu yake husemwa hadharani, na kwa kawaida hauzidi mara tatu ya akiba ya mwombaji. Kabla ya kufunga, wote hukariri kiasi kilichobaki, ili mkutano ujao asitokee wa kusema hakusikia. Baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili fedha zote, pamoja na riba iliyopatikana, hugawanywa kulingana na hisa, na chama huanza tena na sanduku tupu.

Mhasibu wa benki akiketi pembeni atatambua mengi: majukumu yametenganishwa, mashahidi ni wengi, mkopo una ukomo. Kitakachomshangaza ni ule mgawo wa mwisho. Benki hujivunia kulimbikiza. Hawa hubomoa mfuko wao kila mwaka kwa makusudi. Lakini fikiri jinsi wizi wa kwenye vitabu vya hesabu unavyofanyika. Unahitaji muda. Kampuni huficha hasara ya mwaka huu ndani ya hesabu za mwaka ujao, na za mwaka ujao ndani ya zile zinazofuata, hadi siku inapoanguka. Chama kinachogawa kila kitu hakina mwaka ujao wa kufichia. Siku ya mgawo, kila mwanachama anajua mihuri yake ni mingapi, na fedha ama zipo ama hazipo. Ni ukaguzi usiohitaji mkaguzi, na umebuniwa kwa ajili ya watu ambao mkaguzi asingekwenda kwao na ambao wasingeweza kumlipa. Mtu aliyeketi kufikiria hilo amefikiria menejimenti, hata kama hakuliita hivyo.

Na mwanzo wa muundo huo unajulikana. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, Moira Eknes, mwanamke wa Norway aliyekuwa akifanya kazi na shirika la CARE, alianza na wanawake wa vijijini waliokuwa tayari na desturi ya kuchangiana kwa zamu, kama likelemba ya Kongo au mchezo wa Tanzania. Udhaifu wa zamu unafahamika na kila aliyewahi kuucheza: fedha huja siku yako ikifika, hata kama mtoto aliugua wiki mbili kabla. Mradi wa Maradi, ulioitwa kwa Kihausa Mata Masu Dubara, uliugeuza mchango wa zamu kuwa mfuko wa kukopeshana. Kwa kuwa wengi wa wanawake hao hawakusoma, hesabu ziliwekwa kichwani na kukaririwa na kundi zima. Vijitabu na mihuri vilikuja baadaye, muundo ulipoenezwa nchi nyingine. Leo wanaoufuata barani Afrika ni mamilioni, na AVEC za Kivu ni tawi la mti huo. Hata hivyo vitabu vya kawaida vya menejimenti havimtaji Eknes, na majina ya wanawake wa Maradi, ambao desturi na kumbukumbu zao ndizo zilikuwa malighafi ya ubunifu huo, hayasikiki kabisa. Kinachosikika ni jina la shirika.

Dai langu ni hili. Fikra ya menejimenti tunayofundishwa ina nusu mbili, na tumesomeshwa moja tu. Nusu ya kwanza iliandikwa na watu waliokuwa na uwezo wa kuamuru, na swali lao lilikuwa jinsi ya kufanya amri itekelezwe vizuri zaidi. Nusu ya pili ilitoka kwa watu wasio na uwezo huo, waliolazimika kuuliza kazi itaendaje ikiwa hakuna anayeweza kumlazimisha mwenzake. Wanawake wengi walikuwa katika kundi hilo la pili, kwa sababu sheria na desturi viliwaweka huko, wala maumbile hayahusiki. Anayeweza kufukuza watu halazimiki kujua kwa nini wanabaki. Asiyeweza hulazimika kulijua hilo kila siku, la sivyo mkutano ujao hatakuta mtu.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika vitabu ni Mary Parker Follett. Alizaliwa mwaka 1868 huko Quincy, karibu na Boston, akasoma katika chuo cha wanawake kilichokaa ubavuni mwa Harvard kwa kuwa Harvard yenyewe haikuwapa wanawake shahada. Hakupata kiti cha ualimu chuoni. Tangu mwaka 1900 hivi alifanya kazi Roxbury, mtaa wa wahamiaji na watu wa kipato kidogo, na mwaka 1908 akaongoza kamati iliyodai majengo ya shule yafunguliwe jioni ili wakazi wapate mahali pa mijadala, michezo na mafunzo. Ni huko, katika mikutano ya mtaa isiyo na bosi, alikojifunza yale aliyoyaandika katika vitabu vyake vya 1918 na 1924. Mwaka 1925 wakuu wa biashara walikuwa wakikusanyika New York kumsikiliza. Aliwaambia kwamba kuna mamlaka ya kumtawala mwenzako na kuna mamlaka yanayojengwa pamoja naye, na kwamba haya ya pili hayapungui yakigawanywa. Aliwaambia pia kwamba amri nzuri haitoki kwa mtu kumwendea mtu: inatoka kwenye hali ya kazi, na mkubwa na mdogo wote huitii hali hiyo.

Katika hotuba moja ya mwaka huo alisimulia habari ambayo mfugaji wa Masisi ataielewa bila maelezo. Ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ulikaribia kuvunjika kwa ugomvi wa zamu. Kituo cha kupokelea maziwa kilijengwa kwenye mteremko. Walioshuka kutoka mlimani walitaka kupakua mikebe yao kwanza. Waliopanda kutoka chini nao walitaka kuwa wa kwanza. Wakubwa wengi wangefanya moja kati ya mawili: kumpa ushindi upande mmoja, au kuwapatanisha kwa nusu kwa nusu, leo hawa, kesho wale, na wote kurudi nyumbani na kinyongo. Ufumbuzi uliwajia pale mtu wa nje aliposhauri jukwaa la kupakulia libadilishwe mahali, ili walioshuka na waliopanda wapakue kwa wakati mmoja. Follett alikuwa na kisa kingine, kifupi zaidi, cha chumba kidogo ndani ya maktaba ya Harvard. Mwenzake alitaka dirisha liwe wazi, yeye alitaka lifungwe. Wakafungua dirisha la chumba cha jirani, ambacho hakikuwa na mtu. Mwenzake hakuwa na haja ya dirisha lile hasa, alitaka hewa. Naye hakuchukia hewa, hakutaka tu upepo wa kaskazini umpige moja kwa moja.

Tazama sasa kilichotokea baadaye. Follett alifariki mwaka 1933, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi. Hotuba zake zilikusanywa kitabuni miaka michache baadaye, kisha jina lake likafifia katika nchi yake kwa miongo kadhaa, ingawa Wajapani waliendelea kumsoma. Peter Drucker, mmoja wa waandishi wa menejimenti waliosomwa zaidi katika karne iliyopita, alimwita nabii wa menejimenti, na mwaka 1995 chapisho la Harvard likamrudisha sokoni kwa jina hilo. Kabla ya hapo, mwaka 1981, kilitoka kitabu mashuhuri kuhusu majadiliano, Getting to Yes. Ndani yake kuna kisa cha dirisha la maktaba. Ila humo wanaogombana ni wanaume wawili. Siamini kulikuwa na hila. Ndivyo tu jina linavyodondoka njiani: kisa kinaendelea na safari, mwenye kisa anabaki kituoni.

Wengine hawakuhitaji hata kusubiri kufa ili majina yao yafichwe. Lillian Gilbreth aliandika kitabu juu ya saikolojia ya menejimenti, kikatoka mwaka 1914. Mchapishaji alikubali kukitoa kwa sharti kwamba majina yake ya kwanza yaandikwe kwa herufi za mwanzo tu, msomaji asijue ni mwanamke. Mumewe, aliyekuwa mshirika wake wa kazi, alipofariki mwaka 1924, baadhi ya wateja wa viwandani waliondoka, na mama huyo wa watoto wengi akalazimika kuigeukia menejimenti ya jikoni, ambako hakuna aliyemzuia. Na wale wanawake vijana watano wa kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, walioingizwa mwaka 1927 katika chumba cha majaribio kuunganisha vifaa vya simu, wamo katika kila kitabu, lakini wamo kama kitu kilichochunguzwa. Kazi iliongezeka, na wanaume waliotazama wakaandika nadharia juu ya sababu. Ni nadra kusimuliwa kwamba wawili kati ya wale wa kwanza waliondolewa mapema mwaka 1928, wakilaumiwa kwa maongezi na kutoshirikiana, wala kwamba malipo yalikuwa yamebadilishwa ili kila mmoja aone jasho la kikundi chake kidogo katika mshahara wake. Wanawake hao walikuwa na kila sababu ya kupanga kazi yao wenyewe.

Kongo ilikuwa na njia yake ya kuyafuta majina. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, katika ibara ya 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kuingia katika tendo lolote la kisheria lililomfunga yeye mwenyewe kulitimiza. Kufungua akaunti, kutia saini mkopo, kuandikisha biashara: yote yalipitia kwa mume. Sharti hilo liliondolewa kwa marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016, wakati ibara ya 444 bado inamtaja mume kuwa kiongozi wa nyumba. Hesabu mwenyewe: kwa karibu miaka thelathini, mama wa Bweremana aliyeolewa na kuendesha maghala mawili ya maharagwe asingeweza kuacha alama yake katika daftari la benki bila jina la mwanamume juu yake. Mwanahistoria akija kesho na kuyasoma madaftari hayo atahitimisha kwamba biashara ilikuwa ya wanaume. Wakati huo huo likelemba haikumwuliza mtu cheti cha ndoa. Kwa hiyo tukisema wanawake hawamo katika kumbukumbu, tuongeze kwamba kuna mahali palipoandikwa kisheria kuwa wasiwemo.

Hapa msomaji makini atanizuia. Atasema nachanganya vitu viwili. Kuendesha jambo ni kitu kimoja, kulifikiria ni kingine; mama wa AVEC anafuata utaratibu aliofundishwa, hajaandika nadharia, na historia ya fikra ni historia ya waliofikiri. Pingamizi hili lina nguvu, na sehemu yake ni kweli. Kushika ufunguo wa kufuli hakumfanyi mtu kuwa Follett. Lakini kipimo hicho kikitumiwa kwa haki kitawapunguza na wengine. Fayol hakuwa profesa; alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya migodi kwa miaka thelathini, na kitabu chake ni yale aliyoyafanya, yakiwekwa kwa mpangilio. Taylor alichota sana kwa mafundi aliowatazama wakifanya kazi. Hakuna anayesema hayo ni mazoea matupu. Tofauti ni kwamba wao walipata nafasi ya kuyaandika. Halafu kanuni yenyewe ni fikra. Mtu wa kwanza aliyesema kwamba mwenye sanduku asiwe mwenye ufunguo alikuwa ameshaona, au ameshaogopa, jambo ambalo kanuni hiyo inalizuia.

Tena kuna ushahidi kwamba kanuni za watu wa kawaida zinastahili kusomwa kama elimu. Elinor Ostrom, Mmarekani, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi wavuvi, wachungaji na wakulima wa umwagiliaji wanavyotunza mali ya pamoja bila serikali kuwasimamia na bila kuigawa kuwa ya mtu mmoja mmoja. Idara ya uchumi ilikuwa imemkataa alipoomba kusomea udaktari kwa kuwa hakuwa na hisabati ya kutosha, na hakuwa nayo kwa sababu shuleni alishauriwa, kama msichana, asiendelee mbali na somo hilo. Alisoma sayansi ya siasa. Kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Masharti aliyoyakuta katika jamii zilizofaulu yanafanana mno na sanduku letu: mipaka ya uanachama iliyo wazi, wanaofuata kanuni kuwa ndio wanaozitunga, walinzi wanaowajibika kwa wanachama, adhabu inayoanza ndogo na kupanda. Ziwa Kivu, ambako nyavu za matundu madogo mno zinakamata sambaza wachanga, ni mahali pazuri pa kumsoma Ostrom kwa vitendo kuliko darasa lolote.

Pingamizi la pili ni la ukubwa. Watu ishirini na watano waliokaa kwa duara hawalingani na kampuni, jeshi wala dola. Mbinu zao zitavunjika wakifika elfu moja. Jibu liko Dar es Salaam ya mwaka 1955. TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, kilikuwa na wanawake wachache mno, na mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza alipouliza wako wapi, kazi ya kuwaleta ilimwangukia Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa na elimu ya darasa la nne na sauti iliyojulikana mjini katika kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakutegemea kumshawishi mtu mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, ambavyo tayari vilikuwa na wanachama, michango, ratiba na njia za kupeleka habari, akavitumia kama mifereji. Katika miezi michache wanawake waliojiunga walifika takriban 5,000. Huo ni mpango wa kazi wa hali ya juu: kutambua muundo uliopo na kuupa kazi mpya badala ya kujenga mwingine kutoka mwanzo. Lakini kwa muda mrefu historia ya kawaida ilimkumbuka kama mhamasishaji na mwimbaji, hadi utafiti wa Susan Geiger, uliochapishwa mwaka 1997, ulipowauliza wanawake wenyewe walifanyaje. Nyerere, kiongozi wa TANU, alipopanga tuliita mkakati. Titi alipopanga tuliita kipaji.

Pingamizi linaloniumiza zaidi ni la tatu, na sina jibu kamili. Inasemwa kwamba kuwasifu akina mama wa soko kwa akili yao ya kupanga ni njia ya upole ya kuisamehe serikali na dunia. Na vyama hivi vinavunjika. Mwekahazina hula fedha. Mwanachama mwenye mtaji mkubwa huwaamulia wenzake bei. Mkopo wa biashara humalizwa na hospitali. Halafu kuna vita. Mwanzoni mwa 2024 mapigano ya upande wa Sake na Shasha yaliikata barabara, na chakula cha Goma kikawa kinapitia ziwani. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti ya MV Merdi, iliyotoka Minova ikiwa imejaa watu na mizigo, ilizama ikikaribia bandari ya Kituku mjini Goma, mbele ya macho ya waliosubiri ufukweni. Januari 2025 waasi wa M23 waliitwaa Minova, na siku chache baadaye Goma. Hakuna kufuli tatu zinazoweza kulinda mfuko ambao wanachama wake wametawanyika kambini na mashamba yao yako upande wa pili wa bunduki. Hayo nayakubali. Ninachokataa ni kuyatumia kama sababu ya kutosoma kilichofanya kazi kabla ya risasi. Kampuni nazo huanguka kwa vita na kwa wizi, tena kila siku, na hakuna aliyefuta somo la menejimenti kwa sababu hiyo. Kukubali kwamba mama hapaswi kubeba mzigo wa serikali hakutuzuii kukiri kwamba ameubeba kwa akili.

Kuna na wale wasemao kwamba haya ni mambo ya jenda, yameletwa na mashirika pamoja na fulana na semina. Semina zimekuwa nyingi, hilo halina ubishi, na nyingine hazikuacha kitu zaidi ya picha. Ila likelemba haikuletwa na semina. Wala Follett hakuitwa New York kwa ajili ya haki za wanawake: waliomwita walikuwa na viwanda vyenye migomo, na walitaka dawa.

Basi ombi langu liwaendee walimu wa menejimenti na biashara wa vyuo vya Goma na Bukavu. Kila mwaka wanafunzi wenu huandika memwari, yaani tasnifu za kumaliza masomo, na kila mwaka rundo la memwari hizo hurudia Taylor na Fayol kwa maneno mapya. Mpeni mwanafunzi mmoja kati ya kumi kazi nyingine. Akae na chama kimoja cha Bweremana, Minova au Kirotshe mzunguko mzima, tangu sanduku tupu hadi mgawo. Aandike kila kanuni, ugomvi uliozaa kanuni hiyo, na nani aliyeipendekeza. Na kama huyo aliyeipendekeza ataridhia, mwanafunzi aandike jina lake kamili, kama tunavyoandika la Fayol. Kisha memwari hiyo iwekwe kwenye orodha ya vitabu vya mwaka wa kwanza.